Upande wa Pili wa Shina

Kindi si mnyama wa kuwindwa na mtu mmoja. Ukimjia upande huu wa mti, yeye huyo upande wa pili, amelikumbatia shina na anakusikiliza. Ukihamia huko, amekwisha kurudi ulikotoka. Mnaweza kuzungushana hivyo mpaka jua la utosi, na atakayekwenda nyumbani na njaa ni wewe. Ndiyo maana fundi saa na mkewe walikuwa wakienda wawili. Fundi alisimama upande mmoja na bunduki yake ya upepo, hata kope haichezi. Mkewe alizunguka upande wa pili akikanyaga majani makavu kwa makusudi, ili kindi amsikie, amkimbie, na katika kumkimbia aje mwenyewe mbele ya mtutu. Mwenye bunduki walimwita mpigaji, anayezunguka walimwita mtembezi. Kwa miaka ishirini na sita hawakuwahi kubadilishana kazi. Muuza nyama wa mtaani kwao alikuwa akisema kwa utani, ambao haukuwa utani wote, kwamba watu wale wawili wangemfungisha bucha.

Sheria zao zilikuwa chache. Mpigaji hasemi wala hasogei, hata nzi akitua puani mwake. Mtembezi naye hasemi. Akiwa na neno, hugonga shina kwa vifundo vya vidole. Kugonga mara moja ni kusema: nimemwona, piga. Kugonga mara mbili ni kusema: acha, tunarudi. Sababu haiulizwi palepale, inaulizwa nyumbani. Mke hakuwa mchoyo wa hizo mara mbili. Aligonga akiona jike mwenye chuchu zilizojaa, aligonga akisikia mwokota kuni karibu, na siku nyingine aligonga kwa sababu tu kindi alimtazama kwa namna ambayo hakuipenda. Fundi alishusha bunduki shingo upande na kununa njia nzima.

"Umeninyima mchuzi," alimwambia wakishafika jikoni.

"Mchuzi wako una watoto wanne juu ya mti wanaoulizana mama yuko wapi," mke alijibu akifunua sufuria. "Kula maharage, mume wangu. Maharage hayana yatima."

Sasa mke huyo alikuwa amekufa, mwaka mzima umepita. Alifia palepale msituni, nyuma ya mti mmoja mkubwa wenye kovu la radi, na daktari alisema ni moyo. Fundi alimwambia binti yao wa pekee kwamba mama yake alianguka mara moja, hakutoa sauti, na yeye alikimbia akamkuta amekwisha kwenda. Waombolezaji walipokezana maneno hayo sebuleni pale, kifo chepesi, hakuteseka, Mungu alimpenda, na fundi alitikisa kichwa kuitikia kila mmoja.

Binti alikuwa mwoka mikate. Baada ya msiba alifunga chumba chake cha kupanga, akarudi kukaa na baba yake katika nyumba ile yenye duka la saa mbele na jiko nyuma. Alitoka alfajiri, akarudi saa nne asubuhi na unga hadi kwenye nyusi. Alimkuta baba ama amejikunja juu ya saa ya mtu, lenzi jichoni, ama jikoni akichuna.

Maana fundi alikuwa amerudi msituni. Alirudi mwezi wa tatu tangu mazishi. Alijidanganya kwamba anataka kitoweo. Wawindaji wapweke wana ujanja wao: unatundika koti kwenye kichaka upande wa pili wa mti, kindi anadhani ni mtu, anabaki upande wako. Fundi akachukua koti la bluu la mkewe msumarini, lile la vifungo visivyofanana, akapita nyuma ya tanuri za matofali hadi kwenye miti, akalitundika. Kisha akarudi upande wake, akaikunja bunduki kuijaza upepo, akatia risasi.

Kabla hajainua mtutu alisikia majani yakikanyagwa upande wa pili.

Hatua zile alizijua. Mguu wa kulia uliburuzwa kidogo, tangu mkewe alipoanguka na ngazi akipaka rangi duka. Hatua nzima, kisha ya kuburuza. Nzima, kisha ya kuburuza, taratibu, zikilizunguka shina. Kindi akaja mbio upande wa fundi na kusimama kwenye gome, kichwa chini, mkia juu, akisikiliza yale yale aliyoyasikia fundi. Mikono ya fundi ilijua kazi yake hata pale moyo ulipokuwa umemruka. Akapiga. Kindi akaanguka. Alipozunguka kuangalia, koti lilikuwa limetulia kwenye kichaka, na majani makavu yalikuwa yamelala kama yalivyoanguka.

Mtu mwingine angekimbia, akautafutia msitu ule jina baya. Fundi alikaa juu ya mzizi, akalia mpaka akakauka, na kesho yake akarudi. Koti aliliacha nyumbani. Hatua zilikuja vilevile.

Kitu kimoja tu hakikuja. Hakukugongwa kamwe, si mara moja, si mara mbili. Na fundi, aibu ilioje, hiyo ndiyo sababu iliyomtoa kitandani kila alfajiri. Alitaka asikie mara mbili. Alitaka asikie, ashushe bunduki palepale, azunguke mti. Ili uambiwe acha, lazima uwe unafanya. Kwa hiyo alifanya. Aliua kindi wawili, kisha watatu, kisha watano. Alitega na vitanzi vya waya njiani, akapata kwale na sungura, mradi asiondoke msituni mapema. Mti mmoja tu aliupita mbali, ule wenye kovu la radi.

Nyumbani alichuna. Kindi ana ngozi kaidi: unakata chini ya mkia, unaukanyaga mkia kwa kisigino, unavuta miguu ya nyuma, na koti lote linatoka kama soksi iliyolowa. Kisha maji ya chumvi, kisha kitunguu, saumu na siki kidogo kuua harufu ya msitu. Binti alipika. Alipika kwa saa nzima moto mdogo, kama mama yake, akamwekea baba sahani, na baba akaizungusha nyama sahanini mpaka ikapoa. Majirani walifurahia sana miezi ya mwanzo. Baadaye walianza kufunga pazia wakimwona binti anakuja na bakuli.

Asubuhi moja binti alifunua kitambaa juu ya beseni, akahesabu kwa kidole.

"Baba, hawa ni saba."

"Walikuwa wengi leo."

"Jana sita. Jirani wa kulia amesema tumbo linamsumbua, wa kushoto kahama, nadhani kwa sababu yetu. Tuwapeleke wapi? Kwa muuza nyama?"

"Mpelekee. Tumemkosesha wateja muda mrefu."

Binti hakucheka. Aliketi kwenye kigoda, mikono myeupe kwa unga juu ya magoti. "Na huyu ni jike," alisema. "Anatoka maziwa."

Fundi alitazama. Kweli, tone moja jeupe lilikuwa juu ya chuma cha beseni. Mkewe asingekubali huyu apigwe, angegonga mpaka mti uitike. Leo amezunguka, amemleta jike anayenyonyesha mbele ya mtutu, na hakusema kitu. Mawazo yakamwambia: amenyamaza kwa kuwa nilimzoesha kwamba sisikii.

"Sikumwona vizuri," alisema.

"Wewe unaona jino la gurudumu la saa ya mkononi." Binti alifunika beseni. "Kesho siendi kazini. Nitakuwa mtembezi wako."

"Huna miguu ya msituni."

"Nina miguu ya mama."

Fundi alitafuta sababu, akazikosa. Aseme nini? Kwamba nafasi ya mtembezi ina mtu? Alirudi dukani, akafungua saa ya ukutani ya mteja, akaifunga tena bila kugusa kitu.

Kulipopambazuka walitoka pamoja. Walipita tanuri za matofali zilizokuwa bado na joto la jana, wakavuka mtaro mkavu, wakaingia kwenye miti. Binti alivaa koti la bluu. Fundi alipoliona mgongoni mwake aliangalia viatu vyake.

Mti wa kwanza hawakupata kitu, wa pili pia. Binti alitembea kama watu wa mikate, haraka haraka, kana kwamba kuna kitu kinaungua, na kindi walipaa juu kabisa badala ya kuzunguka. Fundi alisikiliza nyuma ya hatua hizo akitafuta zile nyingine. Hazikuwapo. Hasira ikampanda, hasira ya kitoto ya mtu aliyepokonywa chake, na papo hapo akaona haya, kwa sababu aliyemkasirikia alikuwa mwanawe.

"Ni upi?" binti aliuliza.

"Upi nini?"

"Mti wa mama. Siku ile ulimleta kwa mkokoteni wa matofali, mimi sikuuona."

Fundi alinyoosha kidevu. Ulikuwa hatua hamsini mbele yao, mnene, kovu jeusi limeshuka kutoka juu hadi kiunoni.

"Simama ulipokuwa umesimama," binti alisema, "mimi nitazunguka kwa mbali, nije kwa nyuma."

Alikwenda, akasimama. Miguu ilipata mahali pake yenyewe, hata kijiwe kile chini ya kisigino cha kushoto kilikuwapo. Koti la bluu likapotea kwenye vichaka. Akainua bunduki kwa sababu pale hakujua mikono ifanye kazi gani nyingine.

Msitu ukatulia. Kisha, upande wa pili wa shina, majani yakakanyagwa. Hatua nzima, kisha ya kuburuza.

Kindi akaja. Alikuwa mkubwa, tumbo la rangi ya kutu, akakaa juu ya kovu la radi akimtazama fundi uso kwa uso. Hatua zikakoma. Fundi alikijua kimya kile. Alikuwa ameishi ndani yake mwaka mzima.

Upande wa pili kukagongwa mara mbili.

Hakuishusha bunduki, aliitupa. Alikimbia kwa magoti yake mabovu, akajikwaa mzizini, akalizunguka shina akilishika kwa mikono yote miwili. "Nimekuja," alisema. "Nimekuja, nimesikia."

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani, na ule mzizi uliokunjika kama kiwiko ambapo alimkuta siku ile ameegemea. Binti alikuwa mbali, ng'ambo ya vichaka, ameinama akibandua mbigiri kwenye pindo la koti. Aliinua kichwa.

"Umegonga?" fundi alimuuliza.

"Sijafika kwenye mti, baba."

"Umegonga mara mbili."

"Baba, nitagongaje nikiwa huku?" Alikuja taratibu. Alimtazama baba yake aliyekuwa amepiga magoti, kisha akatazama shina. "Lakini nimesikia," alisema. "Nilidhani ni wewe."

Hapo fundi akasema. Hakupanga aseme, yalimtoka kama yanavyotoka matapishi, na kama matapishi hayakuwa na mpangilio. Alisema kwamba asubuhi ile mama yake alilalamika mkono unakufa ganzi, na yeye akamwambia mti mmoja tu, huu wa mwisho. Alisema mama alizunguka, na kindi akaja, mnono, ila kaficha kichwa nyuma ya kigongo cha gome. Mama akagonga mara mbili.

"Nilisikia vizuri," alisema. "Nikasema moyoni, ameanza huruma zake. Leo simsikilizi. Nikangoja kindi atoe kichwa."

"Halafu?"

"Akagonga tena mara mbili. Nikakasirika. Nikaona ananiharibia."

Binti aliweka kiganja juu ya shina.

"Pakawa kimya, kimya kirefu. Mimi nimesimama tu, bunduki begani, sisogei. Unajua tulivyo. Mpigaji hasogei." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Kisha akagonga mara moja."

"Mara moja."

"Moja tu. Nikafurahi. Nikasema, haya, mama watoto amekubali, ananiambia piga. Nikapiga. Nikamwokota kindi, nikamfunga kamba mkiani, nikamsifia mama yako kwa sauti, mtembezi wangu huyo, leo tunakula. Ndiyo nikazunguka." Aliugusa ule mzizi. "Hakuwa amekubali. Ya pili ilimshinda tu."

Kindi yule alikuwa bado mtini, amehamia tawi la juu. Vipande vya gome alivyokwangua vilidondoka begani kwa fundi.

Binti alichuchumaa kando ya mzizi. Hakumgusa baba yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, na haikutetemeka.

"Mimi na shangazi ndio tuliomwosha mama," alisema. "Shangazi aliviona vidole, akasema maskini, alijikwaruza akianguka. Ngozi ya vifundo ilikuwa imechubuka yote, na gome limeingia humo. Mtu hajikwaruzi hivyo kwa kuanguka. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenu. Akitaka niache kitu alinigongea mlango mara mbili. Nilijua aligonga. Nilijua hukwenda."

Fundi alimtazama.

"Ulijua."

"Tangu siku ile. Mwaka mzima nimekupikia kindi nikingoja useme. Kila sahani niliyokuwekea nilisema leo atasema. Ulipokuwa unaleta watano, sita, nikasema huyu anataka kusema." Akaangalia vifundo vyake mwenyewe. "Hiyo ya mara moja sikuijua."

"Sasa unaijua."

"Sasa ninaijua, ndiyo."

Fundi alitaka amwombe msamaha, akaona neno lenyewe dogo, halitoshi hata kufunika kidole kimoja. Hapo wote wawili wakasikia hatua. Zilitoka upande wa mpigaji, pale bunduki ilipotupwa, zikapita karibu yao kiasi kwamba binti alivuta miguu kumpisha mtu. Hatua nzima, kisha ya kuburuza. Zilielekea ndani ya miti, kule kusiko na njia, wala hazikupunguza mwendo.

Fundi alinyanyuka kuzifuata. Binti akamshika mkono wa shati.

"Mwache," alisema. "Ameshakuambia."

Hatua zikafifia, zikaisha. Binti alikwenda kuiokota bunduki, akaitoa risasi, akaitia risasi ile mfukoni mwa koti la bluu. Walirudi nyumbani. Siku hiyo alichemsha maharage, wakala, na fundi alimaliza sahani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Binti yeye aliacha nusu. Aliosha sahani zote mbili, akasema bila kugeuka: "Usiniulize kama nimekusamehe. Ikitokea nitakuambia."

Vitanzi vya waya fundi alikwenda kuvitegua kimoja kimoja, akavihesabu mara mbili asije akasahau hata kimoja. Bunduki aliipaka mafuta, akaiuza kwa mtu wa mbali. Muuza nyama alipomwona akiingia buchani kununua robo kilo alishika kiuno na kutaka kumtania. Alipouona uso wake akapima nyama tu, akaongeza kipande.

Msituni anakwenda bado. Anakwenda mikono mitupu, jua likishapanda, mpaka kwenye mti wenye kovu la radi. Hasimami tena upande wa mpigaji. Anazunguka, anakaa juu ya ule mzizi uliokunjika, na kwa vifundo vya vidole anagonga shina mara mbili. Kisha anatazama saa yake ya mkononi, ile aliyoitengeneza mwenyewe, anangoja dakika zilezile alizomngojesha mwenzake, kwa kuwa anazijua, ni kumi na moja. Kindi hushuka siku hizi mpaka karibu na mguu wake, maana hamwogopi. Upande wa pili hakuna jani linalokanyagwa. Dakika zikitimia anagonga mara moja, anaondoka, na binti yake, akitoka kazini, humfuata mpaka mtaroni, akamkuta akijipangusa gome mikononi.